Kuondoa Usuli

Nkwabi amekuja na picha kwenye simu:
chupa ya asali juu ya stuli,
nyuma yake shuka la kijani
limeshikwa na watu wasioonekana.
"Ukurasa wa kikundi chetu una rangi ya udongo," anasema,
"mara ya kwanza tuliiweka hivi hivi,
ikatoka na pembe zake nne, kama tangazo la msiba
lililobandikwa ukutani."
Anataka chupa peke yake.
Chupa, basi.

Nikamwambia, hiyo ni kazi ya kuondoa usuli.
Akashtuka. Feni ya duka ina kelele,
na Isevya saa sita mchana pikipiki hazinyamazi;
alisikia asili.
"Asili usiitoe! Hii ni ya Sikonge,
nyuki wa mitundu na miyombo,
nimelala porini siku tisa kwa ajili yake."
Usuli, nikasema. U-su-li. Kilicho nyuma.
Akacheka, akavuta kiti.

Nikaanza na kifuniko, pale ni rahisi:
bati lina ukingo, na ukingo wake haubishi.
Nukta, nukta, nukta, kipanya kinatambaa
kama fundi anayefumua mshono wa mwenzake.
Nilipofunga mzunguko nikabonyeza futa,
shuka likaenda, na stuli, na sakafu ya saruji,
vikabaki viraba vya kijivu na vyeupe.
"Umeweka vigae?"
Hapana. Hapo hakuna kitu.
Kompyuta haijui kuchora hakuna,
kwa hiyo huchora ubao wa drafti.

Lakini kioo.
Kioo ni mtihani.
Ukikiacha, kimebeba shuka tumboni;
ukikikata, umekata chupa.
Nikavuta karibu, asilimia mia nne, mia nane,
mpaka asali ikawa vijumba vya rangi
vilivyopangana kama sega,
na ndani yake, kichwa chini
(chupa iliyojaa hupindua vitu),
nikaona vidole vinne vidogo
vimebana pindo la shuka.
"Huyo Holo," Nkwabi akasema.
"Mikono ilimchoka, nikamwambia vumilia."

Nusu saa nikapitisha brashi laini,
si kufuta kabisa, kufifisha,
ili asali ipitishe chochote kitakachokuwa nyuma yake kesho:
udongo, bluu, hata ukuta wa watu wengine.
Umeme ukayumba. Nikahifadhi.
Kivuli nilikirudisha, asilimia thelathini,
maana chupa isiyo na kivuli
huonekana kama haijawahi kubebwa na mtu.

"Sasa iko wapi?"
Popote utakapoiweka.
Jibu halikumpendeza. Nami,
nilipolisikia likining'inia pale chini ya feni,
halikunipendeza sana.

Alipotoka kununua vocha
nikarudi hatua tatu nyuma.
Kushoto, ndani ya kioo,
nikaacha uzi wa kijani, upana wa pikseli mbili,
na chini yake kitu chenye rangi ya ukucha.
Mwalimu wangu wa chuo angeuita uchafu wa ukingo,
angenikata alama.
Jina la faili nikaandika: asali bila usuli.
Ni kweli, karibu yote.

Alilipa elfu nne na chupa yenyewe.
Nimeiweka pembeni mwa skrini;
nyuma yake kalenda ya benki imepinduka,
Desemba inaanzia chini.
Jioni sisimizi wamepanda kibodi,
wamepita juu ya herufi zote bila kusoma,
A, S, L, mpaka mwisho wa meza,
pale kifuniko kinapovuja.