Jembe la Mgeni

Muuzaji wa Maskati aliapa: lita saba kwa kilomita mia.
Daftari langu, penseli imefungwa kwa uzi, linasema kumi na moja.
"Hata ngamia hanywi hivi," kanicheka Muhanna,
akigonga boneti kama anayechagua tikiti.

Nikanyamaza. Nikaenda nayo taratibu, Ibra mpaka Sinaw,
malori yakinipita, yakinipigia honi,
ringi na silinda bado zikioneana haya
kama maharusi waliojuana kwa picha.

Mgeni siku mbili;
huyu wangu nimempa kilomita elfu na mia sita.
Leo kituoni nikagawa mara mbili, sikuamini:
saba nukta nane.

Jembe kalishika.
Muhanna sijamwambia.
Nataka acheke tena kidogo.