Mkono wa Tatu

Usiniletee habari za kurogwa, Chitanda.
Toa mapanga yote manne kwanza, tia kwenye kopo lile la maziwa.
Kidole chako cha shahada bado kina plasta ya Jumanne
na mimi sina uso wa kumwambia wifi yangu mara ya pili.

Futa na hii salfa. Nani alikwambia urushe
saa watu wanapulizia mikorosho?

Haya. Chomeka betri.
Ti, ti, ti. Ndefu moja, fupi mbili.
Mkono wa kwanza unazunguka, wa pili, wa nne.
Wa tatu unatetemeka
kama mtu aliyesikia jina lake usingizini
akageuka, akalala tena.

Ulishanunua mota mpya, elfu thelathini na tano,
pesa ya korosho za bibi,
nayo ikatetemeka vilevile.
Ungekuja kwangu kabla ya kwenda dukani.
Hamisha mota, uone ugonjwa unahama nayo
au unabaki nyumbani.
Tumehamisha: iliyotetemeka, kwenye mkono wa kwanza inaimba;
iliyokuwa ikiimba, huku imeanza kutetemeka.
Basi mgonjwa si mota.
Mgonjwa ni kitanda.

Nachingwea hii inajua bei ya kutouliza.
Walikuja watu wa karanga na matrekta,
udongo ukawakataa,
wakaagiza matrekta mengine.
Uwanja wao ndio huo utakaorushia Jumapili.

Lete lenzi. Washa na tochi ya simu.
Kidhibiti ni hiki, kadiri ya kidole gumba,
na nyaya tatu zinatoka kwake kwenda kwa mota.
Tazama wa katikati. Lehemu yake haing'ai,
ya kijivu, ina mabuje kama ugali wa mtu mwenye haraka.
Imeukalia waya, haijaushika.
Nani alilehemu?
Nyamaza, najua.
Mota inadai nyaya tatu. Ukiipa mbili
haijui ianzie wapi, inabaki kusitasita.

Pasi ipate moto. Gusa. Hesabu nne.
Iache inywe.
Umeona ilivyong'aa?

Inazunguka. Kinyume!
Usinune, badilisha nyaya mbili, zozote mbili.
Si kila kosa linadai pesa.

Sasa kipokezi.
Taa inakonyezakonyeza, bado mseja.
Shikilia kitufe, chomeka, rimoti nayo iwe inatafuta.
Subiri.
Imetulia: ndoa imefungwa.
Lakini ona kwenye kompyuta, unaongeza nguvu, yenyewe inainama kushoto.
Ndoa ipo, lugha hazijakutana.
Wewe unasema panda, yenyewe inasikia lala ubavu.
Panga chaneli upya. Hapo. Ya tatu iwe ya nguvu.

La mwisho hukuniuliza.
Mota zikiwa zinazunguka, zima rimoti.
Zima, nimesema.

Sekunde moja.
Tatu.
Saba, na bado zinazunguka.
Imeshika neno la mwisho ulilolisema
na italitii mpaka betri iishe.

Baba yako, mwaka ule wa gesi, kampuni moja kule Mtwara
ilimwambia: subiri, tutakupigia.
Laini ile hajaibadilisha mpaka leo.
Anaitia vocha kila mwezi isije ikafungiwa.
Ni kaka yangu, simcheki.
Ila kitu chenye mapanga manne hakiruhusiwi kuishi hivyo.
Sauti ikikatika, kijue imekatika.

Ingia kwenye mipangilio. Mawimbi yakipotea, mota zizime.
"Itaanguka, shangazi."
Itaanguka.
Itavunjika mkono, utaniletea, tutalehemu.
Kuliko ipite juu ya mikorosho ya watu hadi Ruponda
ikibeba amri iliyokwisha kufa.

Rudia. Washa. Nguvu kidogo.
Zima rimoti.

Kimya.

Nipe hilo kopo la mapanga.
Hapana, lete mkono kwanza, plasta imelegea.