Shibiri Tatu

Armand aliniambia utanifika begani.
"Shemeji, tafuta miti ya kuuegemeza,
wangu mimi ulichungulia juu ya ua wa jirani."
Nikanunua miti minne, mita mbili kila mmoja.
Mpaka leo imeegama kibandani,
haijavuliwa plastiki ya dukani.

Pakiti ya mbegu ilisema sentimita sitini
hadi mia moja na ishirini:
ukweli wenye upenyo wa kupitisha ng'ombe.

Siku ya hamsini na moja.
Nimeupima kwa mkono, maana utepe wa Odile
sitaki kuugusisha udongo.
Shibiri tatu kasoro wanda mbili.
Unafika hapa, kwenye goti langu jipya,
lile la chuma,
ambalo ndilo nililoupandia.

Nami nilidhani nazijua bangi.
Zile za zamani hungoja giza,
huhesabu saa za usiku kama mlinzi wa ghala,
na usiku usiporefuka hazitoi ua.
Sasa huku Whitehorse, mwezi wa Juni,
jua huenda nyuma ya mlima likafumba jicho moja tu.
Saa sita za usiku nasoma gazeti kizingitini.
Zingengoja, maskini,
mpaka theluji izikute na majani matupu.

Huu haumngoji mtu.
Una kalenda yake tumboni.
Siku ya thelathini na moja, mchana kweupe,
ukatoa nywele mbili nyeupe kwenye kifundo
bila hata kunipigia hodi.

Kosa ni langu, nalisema.
Siku ya kumi na nane niliutoa kwenye kikombe
nikautia ndoo kubwa, nikidhani naupendelea.
Mzizi ukakatika. Niliusikia,
sauti ndogo, kama uzi wa kifungo.
Wiki nzima ukanuna.
Mmea mwingine hununa, ukapona, ukafidia.
Huu hauna wiki ya kununia.
Siku yake ilipofika ulichanua
kwa kimo ulichokuwa nacho.

Kwenye mwimo wa mlango wa jikoni
ipo mistari ya penseli:
Nadine miaka saba, Nadine tisa, Nadine kumi na moja.
Kisha kumi na mbili, kumi na tatu, kumi na nne,
mstari juu ya mstari, penseli imekwama.
Nilimpeleka kwa daktari Vancouver.
Ndege nzima Odile alitazama dirishani, hakunisemesha.
Daktari akainua picha ya mifupa ya mkono,
akaiangalia kwenye taa, akasema:
"Amemaliza. Haumwi.
Amemaliza tu."
Nikauliza kama kuna dawa.
Nadine alikuwa amekaa palepale,
miguu yake haifiki sakafuni.

Sasa anaendesha greda la theluji barabara kuu,
kaweka mto kitini,
na sijaona lori lisilompisha.
Jumapili alikuja, akauona mmea,
akachuchumaa mbele yake
(hakuhitaji kuchuchumaa sana)
akanusa.
"Baba, umeupimia wapi?"
Nikamwonyesha mkono.
Hakucheka. Aliutazama mlango.

Armand naye alifika, akacheka kwa ajili ya wote.
"Hiki ni kiazi, shemeji!"
Kisha akashika kichwa cha ua kwa vidole viwili,
kizito, kimeshonana, kinanata,
akakaa kimya, akajifuta utomvu kwenye suruali,
akaomba kahawa.

Miti nimempa jirani kwa njegere zake.
Nywele za maua zinageuka rangi ya kutu;
siku ishirini na kitu nitaukata,
niutundike kichwa chini kwenye fimbo ya makoti,
utachukua nafasi ya shati moja.

Jana kliniki muuguzi alinisimamisha ukutani.
"Umepungua sentimita tatu, bwana Lorne."
Nikamwambia aandike hivyohivyo.