Saa Tatu Kasorobo

Kila usiku, saa tatu kasorobo,
kamera ya barazani kwa baba huzimika.
Si saa mbili, si saa nne.
Simu yangu hulia huku Tampere, mikono imo povuni:
*Kifaa hakipatikani.*
Na mlango wa Raimo Kemppainen kule Kuhmo,
ngazi zake tatu za mbao,
koleo la theluji lililoegemea ukuta,
vyote gizani, kama vilivyomezwa.

Niliifunga mwenyewe, Oktoba, nyonga yake ilipoanza kuunga.
Haina waya, nikamwambia, haina usumbufu.
Akaigonga kwa ukucha.
"Kisicho na waya kinashikwa na nini?"
Nikamsomea kijitabu chote mezani,
hata ukurasa wa baridi,
yeye akimenya viazi.

Nilianza na ruta; nani haanzi na ruta?
Izime, hesabu hadi thelathini, iwashe.
Akahesabu kwa sauti, polepole, bila kuruka hata moja,
saa ya ukutani ikihesabu naye.
Taa inawakaje?
"Inapepesa kama jicho la mtu anayeficha jambo."
Nikamwambia aihamishe kutoka nyuma ya jiko la mawe,
maana mawe hula mawimbi.
Akaiweka dirishani, kati ya redio na picha ya mama.
Vijiti vya mtandao vikapanda, kimoja hadi vitatu.
Saa tatu kasorobo: kimya.

Basi ni paneli ya sola.
Desemba ya kule jua haliwaki, huchungulia tu,
huja saa nne, saa nane limeshaaga,
na hicho kidogo kilikuwa kinaangukia theluji.
Akaipangusa kwa soksi.
Jioni nikasoma asilimia themanini na moja.
Betri yenye themanini na moja haifi hivi hivi, baba.
"Mimi nina sabini na tisa,
na daktari amesema maneno hayo hayo."

Nikalaumu baridi. Lakini ilizimika
usiku wa nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri,
ikazimika pia usiku wa nyuzi tatu, matone yakidondoka paani.
Baridi haivai saa mkononi.

Nilibadilisha nenosiri. Nilisasisha programu.
Nilimfanya atafute tundu dogo la kuanzisha upya
kwa sindano ya mama ya kufumia, akaipinda.

Kilichobaki ni kihisi cha mwendo.
Nilikuwa nimekilegeza kwa sababu ya tawi la msonobari
lililoniamsha mara arobaini na moja usiku mmoja wa upepo.
Nikakikaza tena.

Saa mbili na dakika arobaini na tatu.
Picha ya kijivu. Mlango unafunguka.
Baba, suruali ya ndani ndefu, buti, kofia ya mama,
anapindua ndoo,
anaikanyaga.
Kwa nyonga ile ile.
Anainua uso hadi nyusi zinajaza kioo.
"Haya, njoo ndani, wewe,"
na kidole gumba chake kinakua, kinakua, giza.

Baba, betri iko wapi?
"Kikapuni na glavu, karibu na jiko.
Wewe mwenyewe ulisoma: haipendi baridi."
Lakini kazi yake ni usiku!
"Usiku nimelala. Nani ataanguka ngazini nimelala?"

Nikafungua kijitabu, nikakifunga.
Kuhusu ndoo tuligombana hadi saa nne.

Jumamosi nilipanda basi, nikaishusha kamera
hadi usawa wa kifua chake.
Tahadhari ya saa tatu kasorobo nimeizima.
Ile ya saa moja asubuhi nimeiacha:
kwanza kiganja,
kisha ukungu wa pumzi, mkono wa sweta ukiufuta,
halafu ngazi tatu, koleo,
na mgongo wake ukishuka,
mkono mmoja ukutani.