Rangi Haikutosha

Injini niliishusha Alhamisi, baada ya alasiri:
bolti nne, kisha ya tano iliyokataa.
Nikaibembeleza kwa mafuta ya taa na matusi ya chini chini
hadi ikalia kii, ikaachia.
Sasa imekaa juu ya meza ya kufulia, hapa uani Mabela,
kama kondoo aliyechunwa akasahauliwa.

Kwanza uchafu.
Watu hudhani kupaka rangi ni kupaka rangi.
Kupaka rangi ni kusugua siku tatu
na kupaka dakika kumi.
Mswaki mkuukuu kwa kila pezi la silinda,
mapezi kumi na moja, na baina yake vumbi la Nizwa,
vumbi la Rustaq, la njia ambazo siku hizi zina lami,
limegandana na oili likawa halua,
ila halua ya kunuka.

Matundu yote nimeyaziba:
pa kabureta kwa kipande cha dishdasha,
pa ekzosi kwa gazeti,
pa plagi kwa plagi yenyewe, iliyokufa.
Msasa mia mbili, halafu mia nne.
Yule Mmalabari wa dukani Wadi Kabir
alinipa chenji na wasia: shwayya shwayya, baba,
rangi haishiki juu ya mafuta
wala juu ya haraka.

Chini ya nyeusi ikatoka fedha.
Chini ya fedha, kijani,
kijani kile cha milango ya Sib ya zamani.
Na katika kijani, ubavuni mwa kifuniko cha klachi,
alama ya kidole gumba.

Nikazima redio.

Ni cha Muhenna.
Nilimwambia haijakauka, naye akagusa
ili ahakikishe kuwa haijakauka.
Yeye kumi na sita, mimi kumi na tisa,
pikipiki moja, na jozi moja ya viatu vya maana.
Hakufa, msinielewe vibaya.
Yuko Salala, anauza matairi, ana wajukuu wawili,
namba yake ninayo.
Ni nyumba ya mama tu iliyotufikisha hapa,
vyumba vitatu na mtende usiozaa.
Mwaka wa tisa huu.

Msasa mkononi, nikaitazama ile mistari,
duara ndani ya duara,
kama birika la falaji lililoangukiwa na kokwa ya tende.
Sheria naijua: kilichobaki hubambuka,
na kikibambuka hubeba na jirani yake.
Nikakata utepe, ukubwa wa baisa hamsini,
nikaubandika pale.

Nikangoja upepo wa jangwani, ule mkavu,
maana siku ya unyevu rangi hutoka vipele.
Kisha mapulizo matatu mepesi, kopo shibiri moja na nusu,
mkono usisimame hata kidogo.

Baada ya hapo, joto.
Thuwaiba alinikuta jikoni na kifuniko katika trei.
"Oveni hii hii ya mkate wangu wa kumimina?"
Nikakipandisha darini.
Julai ya Mabela ni oveni isiyo na bili ya umeme,
na kitakachobaki kibichi
injini itajipikia yenyewe ikiwaka.

Jana nikabandua utepe.
Nyeusi tupu, nyeusi ya makaa mapya,
na kijicho kimoja cha kijani.
Thuwaiba akainama, kikombe mkononi.
"Hapa mbona umeruka?"
"Rangi haikutosha."

Akaliokota kopo sakafuni. Akalitikisa.
Kigololi kikagonga ndani, kizito,
kikiogelea katika nusu nzima ya rangi.

Akalirudisha palepale lilipokuwa
akaenda kuutazama mkate wake.