Hatua Kumi na Saba

Nilipima jua kabla sijapima mwamba.
Saa mbili asubuhi linaingia pangoni hatua kumi na saba,
linagusa chumvi ukutani, linameta kidogo,
kisha linarudi nyuma
kama mdai aliyekuta mlango umekomewa.
Saa nne limeshatoka.
Nikaandika kwa makaa juu ya jiwe:
hapa watoto wasomee.

Familia tisa tulikuwa, tangu shamba la Psiwa
liteleze usiku mmoja na jiko lake,
sufuria ikiwa bado mafigani.
Elgon ilitutema huku nje, tukarudi kuiomba ndani.

Mchoro wangu wa kwanza ulikuwa aibu.
Vyumba tisa sawasawa kama trei ya mayai,
saruji toka chini hadi juu.
Naibei akaugeuza karatasi huku na huku:
"Mke wangu ana mimba ya mapacha.
Mayai yako haya yataangulia wapi?"

Nikaichana. Nikaanza na mwanzi,
mwanzi wa kule juu kwenye baridi,
uliokatwa kwa barua yenye mihuri mitatu.
Kuta nyepesi za kubebwa na watu wawili,
zimesukwa, zimekandikwa samadi na majivu,
miguu yake vigingi;
na sakafuni, kila hatua, tundu.
Matundu mia mbili na arobaini.
Kwemoi aliyachonga kwa patasi,
akihesabu kwa sauti, akipotea,
akirudia thelathini na nane mara tatu.

Nyumba njema si mlango.
Yetu ina mlango mmoja tu, na pazia lake ni maji
yanayoanguka kutoka kwenye paji la mlima.
Ndani, vyote vinasogea.
Mtoto akizaliwa, ukuta unapiga hatua.
Binti akiolewa, unarudi.
Ng'ombe wa mahari wakifika, ghala linajibana.
Jirani akinuna, hilo nalo nimelichorea:
geuza mlango wako, utazamane na popo.

Kuta hazifiki juu.
Moshi ulitaka njia, nuru ikataka njia,
basi na maneno yakapita humo humo.
Usiku wa kwanza Psiwa alipiga chafya,
"Afya!" zikamjia kutoka vyumba vinane.
Usiku wa pili mtu alilia,
na vyumba vinane vikajitia usingizi.

Mwamba wa juu una masizi ya bibi zetu,
waliopikia humu na ndama wao kando.
Mkandarasi alikuja na ndoo za chokaa.
Nikamwambia rangi tayari ipo, kaa unywe chai.

Halafu Cherop.
Kanuni tuliiandika wote, tukatia vidole gumba:
chumba kikikaa kitupu miezi sita, ukuta uhame.
Kitanda cha Ndiwa wake kina miezi kumi na moja.
Mapacha wa Naibei wanalala kwenye beseni.
Tukaenda, wawili tumebeba ukuta, mimi na futi yangu.
Tukamkuta ameketi, kigoda chake juu ya tundu,
anachambua maharagwe.
Hakuna aliyesema kitu.
Nilijidai kupima upya.
Tukaurudisha ukuta ulikotoka,
na njiani Naibei hakunitazama.

Usiku ule nikasikia chuma kikigonga jiwe,
taratibu, kwa mtu asiyezoea nyundo.
Kuta hazifiki juu: wote tulisikia.
Hakuna aliyekohoa.

Asubuhi ukuta wake ulikuwa umesogea nusu hatua.
Katikati ya matundu mawili ya Kwemoi
alichimba lake, limepinda, limemegeka ukingoni.
Kitanda kimebaki, kimesimamishwa wima.
Beseni limepata pa kukaa.

Tundu la mia mbili arobaini na moja.
Nimelitia kwenye mchoro kwa kalamu nyekundu.
Kipimo chake sijaandika.