Wa Arobaini na Moja

Usiku wa kuamkia siku ya wazazi
nina ripoti tisini na sita mezani,
kalamu mbili za bluu, moja nyekundu inayotapika wino,
na taa ya sola iliyoanza kusinzia kabla yangu.
Kyarumba kumelala. Mto tu unabishana na mawe.

Kila ripoti ina mstari wangu: Maoni ya Mwalimu wa Darasa.
Mstari mfupi, hautoshi hata salamu.
Wale wa kwanza niliwaandikia kwa moyo.
Nilipofika wa ishirini nilibakiwa na sentensi tatu,
nikawavisha zamu kwa zamu kama shati la kuazima:
Amejitahidi. Aongeze bidii. Anaweza zaidi.

Mbambu, aliyezika mama yake mwezi wa Juni
akakosa darasa wiki nne,
amepata Aongeze bidii.
Nimelifuta. Karatasi imebaki na doa.
Juu ya doa nimeandika: Pole.
Mwalimu mkuu hatapenda.

Kisha Thembo. Hisabati, thelathini na nne.
Nafasi, 41 kati ya 96.
Anaweza zaidi, nikaandika, nikalala.

Asubuhi baba yake aliingia na buti za mpira,
maganda ya kahawa yamemganda hadi magotini,
risiti ya karo ndani ya mfuko wa nailoni,
maana bila risiti, mhasibu mlangoni hakupi mtoto wako.
Akakaa kwenye benchi la wanafunzi, magoti karibu na kidevu.
"Nisomee," akasema. Nikamsomea.

"Mwalimu, huyu ni Thembo.
Kwetu jina ni hesabu: mwana wa kiume wa tano,
mlima mzima unajua bila kuuliza.
Wa tano nilimwita mimi.
Wa arobaini na moja umemwita wewe.
Hao arobaini waliomtangulia, nimewazaa lini?"

Akina mama nyuma wakaangua kicheko.
Na mimi nikacheka, vibaya.

"Halafu hii thelathini na nne.
Msimu uliopita mnunuzi alikuja na mizani yake.
Thembo akaning'iniza mfuko wa unga wa kilo kumi,
mdomo bado umeshonwa. Mizani ikasema tisa.
Akapiga hesabu ya magunia yetu saba, kichwani, palepale,
na yule bwana akaongeza pesa bila neno."

Nikadhani anamsifu mwanawe.
Hakuwa anamsifu mtu.
"Sasa niambie," akasema, "hesabu hiyo
ikifika kwako inapotelea wapi?"

Nikatoa karatasi ya mtihani.
Swali la saba, kwa Kiingereza, kama yote.
Thembo hakulijibu. Amelinakili,
neno kwa neno, mwandiko wa kupendeza, hata nukta hakuisahau.
Pembeni, kwa wino mwekundu, sifuri yangu.

"Linasema nini?"
Nikamgeuzia kwa Lhukonzo:
mchuuzi kanunua mbuzi kwa elfu themanini,
kamlisha kwa elfu tano,
kamuuza kwa tisini na mbili. Faida yake?
"Elfu saba," akajibu kabla sijafunga mdomo,
"kama soko halina ushuru."
Kisha, macho yake kwenye ripoti:
"Basi na mimi ni wa ngapi?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na kidau cha wino.
Akachovya kidole gumba,
akakishusha polepole kama mtu anayepanda mbegu,
si pale palipoandikwa Sahihi ya Mzazi,
bali juu kidogo, kwenye 41, mpaka ikazama.
Sijui kama alikosea mstari.
Sikumsahihisha.

Akaikunja ripoti, akaitia kwenye nailoni pamoja na risiti.
Nyuma yake, leso begani, mkono umeshanyooshwa,
alikuwa amesimama shangazi yake Mbambu.